Kabichi za Dirishani kwa Abelardo

Tangu kiharusi kimwangushe, Abelardo alibaki na neno moja tu: "Yupo?" Akitaka maji, yupo. Akitaka kugeuzwa ubavu, yupo. Lakini baridi ilipokaribia, neno lilirudi kwenye kazi yake ya zamani, kwani lilikuwa swali la ndege: yule mvumaji mwekundu, ndege mdogo wa kisiwani kwetu, ambaye kila baridi hushuka kutoka msituni kunyonya maua ya mkaratusi uani kwao. Miaka yote ya ndoa Abelardo aliamka akiuliza hivyo, na mkewe Otilia, aliyetangulia jikoni, akajibu "Yupo," ndipo mkate ukakatwa.

Shida ilikuwa shingo. Mkaratusi ulikuwa mrefu, na mgonjwa hakuweza kuinua kichwa. Sauti ya ndege aliisikia, ndege mwenyewe asimwone. Otilia akaapa kumshusha hadi dirishani.

Washauri wakajaa, maana kisiwani hakuna kinachopatikana bure kama ushauri. Panda miti ya hapa, wakamwambia, ndege wa hapa ndiyo anayoijua. Hawakumdanganya. Otilia akachagua kabichi. Watu wa bara hucheka wakisikia, wakidhani ni ile ya sufuria, lakini kabichi yetu ni mti, na maua yake ya rangi ya chungwa huning'inia kimo cha mtu. Miche ya kwanza ililiwa na sungura. Ya pili aliifunika kwa madema mabovu ya kunasia kambakoche, ikashika, ila ikadumaa kwenye kivuli cha mkaratusi.

Akamwita Nibaldo, jirani mwenye msumeno wa mashine.

"Dada Otilia, ngoja kabichi zichanue kwanza," Nibaldo akasema. "Huu mti ndiyo hoteli ya yule ndege."

"Zichanue kivulini? Wewe ungechanua?"

"Mimi nimenyauka juani, dada. Nakwambia tu."

"Kata, Nibaldo. Kama unaogopa, nipe mimi huo msumeno."

"Nikupe ujikate mguu, halafu niwapelekee supu wagonjwa wawili?"

Akakata. Mkaratusi ulianguka na matumba yake yote. Chumba kilijaa mwanga, na Otilia akazunguka uani kama bibi harusi. Kabichi zikanyanyuka, zikanenepa majani, zikafika dirishani. Maua hazikutoa. Kabichi hutaka miaka, na Otilia alilijua hilo kuliko wengi, maana mama yake alizipanda. Huruma ilimsahaulisha. Mkaidi hafaidi, walisema majirani, wale wale washauri. Mimi wananiudhi.

Baridi ya mwaka uliofuata ikaingia na mvua zake.

"Yupo?" akauliza Abelardo.

"Yupo," akajibu Otilia, amempa mgongo, anakata mkate.

Hakuwepo. Kesho yake pia hakuwepo, na jibu likawa lile lile. Mchana Otilia alizunguka kwenye nyua za watu, shali kichwani, akiuliza kama kuna aliyemwona. Mwaka ule ndege wekundu walikuwa haba hata kwa wenye mikaratusi. Akirudi alikaa jikoni bila kuwasha jiko, akijiambia kwamba yeye ndiye aliyemfukuza, kwa mkono wake, na kwamba mumewe angekufa kabla ya ua la kwanza.

Daktari wa zahanati alimpa tumaini moja.

"Omba aongeze neno, mama. Neno moja jipya tu, ujue kichwa kinaamka. Hata likiwa tusi."

"Akinitukana nitamchinjia kuku," Otilia akasema.

Tangu hapo aliwasha mishumaa kuliombea hilo tusi.

Asubuhi moja mvua ilikatika. Alifungua dirisha. Kabichi zilisimama usawa wa kitanda, kijani kitupu, zikidondosha maji. Abelardo alizitazama kwa muda mrefu. Otilia alingoja swali, na swali halikuja.

"Yupo, mzee," akasema mwenyewe. "Ametua nyuma ya jani lile, huwezi kumwona."

Abelardo akayageuza macho yake kwake. Mdomo ulihangaika, ukapinda, ukatulia. Kisha neno likatoka, jipya, lisilo na kigugumizi.

"Hayupo."

Otilia aliweka kisu cha mkate chini. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalia kwa sauti, na kuku hakuchinjwa.