Swali la Tano Kabla ya Sindano

Yule dada mpimaji wa duka letu la kushona magauni ya harusi tulimwita Sinzia. Jina alipewa na wifi yake, ambaye ndiye mkata vitambaa wetu, kwa sababu kila ikifika saa tisa alasiri kope zake zilianza kushuka. Mikono nayo ilichoka. Ukimpa sindano atunge uzi saa hizo, anakuambia anaziona mbili. Asubuhi alikuwa mzima kama sisi, kwa hiyo tukaamua huo ni uvivu wenye saa yake. "Kazi ikinoga, mwenzetu anaaga," wifi mtu alikuwa akisema, na mimi mpiga pasi, shoga yake wa karibu, nilicheka kuliko wote.

Lakini kilichomponza ni jasho. Mpimaji humzungushia mteja tepu kifuani, kwapa lake likawa jirani na pua ya mtu, na makwapa ya Sinzia yalitiririka hata siku ya baridi. Alibadilisha blauzi mara tatu kwa siku. Siku moja tone likadondokea satini nyeupe ya bibi harusi, na mama mtu akaja juu, ingawa yeye mwenyewe alinuka vitunguu. Nyani haoni kundule. Fundi mkuu akamwita Sinzia mbele yetu sote.

"Nikisikia lalamiko jingine moja tu, dada, hiyo tepu utamkabidhi mwingine."

Tepu ile ndiyo ilikuwa heshima yake yote. Nyumbani kwa kaka yake alikuwa mzigo. Kwetu alikuwa mpimaji, na kwa vipimo hakuwa na mpinzani.

Ndipo akasikia habari za sindano za makwapani. Aliogopa, akaniomba nimsindikize. Kliniki yenyewe haikuwa ya uchochoroni. Daktari alikuwa na leseni ukutani, na kichupa cha dawa alikifungua mbele ya macho yetu. Alieleza kwamba dawa huzituliza neva zinazoamrisha jasho, hudumu miezi kadhaa, na wengi hawapati zaidi ya maumivu na michubuko kidogo.

"Ni salama kwa mtu anayefaa kuipata," alisema. "Ndiyo maana tunauliza maswali."

Nesi akayasoma. Mjamzito? Hapana. Kuna dawa anayotumia? Hakuna. Amewahi kudhuriwa na dawa? Hapana. Ana vidonda makwapani? Hapana. Swali la tano lilikuwa refu: ana ugonjwa wa misuli, au dalili kama kope kushuka, kuona vitu viwiliviwili, mikono kuishiwa nguvu?

Sinzia aligeuka akaniangalia. Ilikuwa saa nne asubuhi na macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Nikacheka. "Andika hapana, nesi. Huyu haumwi, ni mvivu tu."

Nesi akatabasamu, akamgeukia mwenyewe. "Hapana," Sinzia akasema, akatia saini.

Wiki moja baadaye makwapa yakawa makavu. Alikuja na blauzi ya kijivu, rangi inayoonyesha jasho, aliyoikimbia tangu usichana, akainua mikono juu ili tuone. Wiki ya pili mikono hiyo ikakataa kupita mabega. Tepu ikawa inamponyoka. Chai aliyokunywa ikamtokea puani, na saa hiyo ilikuwa asubuhi.

"Leo kaanza mapema," wifi yake akasema, nasi tukacheka.

Kesho yake hakuweza kukohoa. Tulimpeleka hospitali, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Daktari wa wodi akatuuliza kama kope zake zimewahi kushuka siku za nyuma.

"Hilo ndilo jina lake, daktari," wifi mtu akajibu. "Tunamwita Sinzia."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Daktari akaweka kalamu chini. Alituambia huo ni ugonjwa wa misuli, una vidonge vyake, na watu huishi nao. Mwenye nao hakupaswa kuchomwa sindano zile, kwani huilegeza misuli zaidi. Dawa haikuwa mbovu wala kipimo hakikuzidi. Jibu ndilo lililokuwa la uongo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilijua ni jibu la nani.

Alirudi kazini baada ya miezi mitatu, amekonda. Fundi mkuu alikuwa amekwisha kunipa mimi ile tepu, nami niliipokea. Sinzia sasa hushona vifungo. Jasho limeanza kumrudia, lakini halimkeri mtu, maana hamkaribii mteja yeyote.

Jana alasiri aliniletea sindano nimtungie uzi.

"Shoga, siku ile pale kliniki, unajua kwa nini nilikuangalia?"

"Ulitaka nikujibie."

"Mmeniita mvivu mpaka na mimi nikaamini. Sikujua niseme nini. Nikajiambia, huyu ananiona kila siku, atasema kweli."

Nilitunga uzi, nikampa. Alifumba jicho moja ili aione sindano moja, akaendelea na vifungo vyake.