Taa Nyekundu ya Friji la Chanjo

Nilivuka ziwa kutoka Mwanza kwenda Nansio kufunga antena ya intaneti kwenye zahanati. Kesho yake asubuhi, kabla sijapanda ngazi, muuguzi mkuu aliniita chumba cha chanjo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ona, friji limewasha taa nyekundu. Kama chanjo zimepata joto, inabidi nizitupe zote."

Nje, akina mama walishajaa kwenye mabenchi na watoto wao.

Juu ya friji palikuwa na kikompyuta kinachoandika joto kila baada ya dakika tano. Laptop yangu niliiacha Mwanza, nikaazima kioo na kibodi vya kompyuta ya mapokezi. Ndani nikakuta mfumo wa Linux uliopunguzwa ukabaki mifupa. Faili la vipimo lilikuwa na maelfu ya mistari, na awk, programu niliyoizoea kuchambulia namba, haikuwemo. Lugha ya Python ndiyo kabisa haikuwemo. Ilibaki shell tupu, ile sehemu ya kuandikia amri, nayo haijui desimali, ukiipa 7.5 inagoma.

Basi nikaamua kila namba niikate kwenye nukta, saba na nusu iwe saba, na kwa kuwa chanjo hutunzwa kati ya nyuzi mbili na nane, chochote kilicho nje ya mbili hadi saba kitajwe. Nikaandika skripti, orodha ya amri ya mistari sita: soma, kata, linganisha, rudia. Nikabonyeza.

Kioo kikafurika namba.

"Yesu wangu! Zote zimeharibika?"

Nikatazama vizuri: nne, tano, nne. Nilikuwa nimegeuza alama ya kulinganisha, ikawa inataja zilizo sawa.

"Hapana, mama. Nimeharibika mimi."

Nikarekebisha, nikabonyeza tena. Kimya.

"Mbona imenyamaza?"

"Haijaona joto baya hata moja."

"Au imekufa?"

Nikanakili faili, nikaongeza mwishoni mstari wa uongo wenye kumi na mbili, nikaijaribu skripti kwenye nakala hiyo. Ukatoka huo mmoja tu. Muuguzi akapiga makofi kama mtoto.

Taa, tulikuja kugundua, ililalamikia betri iliyoisha ya king'ora cha friji. Hata hivyo muuguzi hakuthubutu kuamua peke yake. Alimpigia mratibu wa chanjo, akamweleza yote, akaitikia "ndiyo" mara tatu, kisha akafungua mlango.

"Njooni! Chanjo ni nzima!"

Vigelegele vilipasuka. Nikapanda paani na antena yangu, na chini yangu mtoto wa kwanza kuchanjwa akaanza kulia kwa sauti ya ajabu, huku mama yake akicheka.