Piano Kwenye Mwalo wa Masese

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku niliyoaibika mbele ya watu wa Masese, kule mwaloni wavuvi wanakoshushia samaki, na leo namshukuru mwanamke aliyenifikisha hapo.

Nilikuwa askari polisi kijana hapa Jinja, mpiga tarumbeta katika bendi ya kituo chetu. Gwanda langu lilipigwa pasi kila siku, na nikipita watu walinipisha njia. Nilidhani ni heshima. Kumbe waliniogopa.

Ndipo akaja Madamu Khainza, mpiga piano kutoka Nabuyonga, kule Mbale. Alisomea muziki ule wa zamani wa Ulaya, unaopigwa kwa kusoma nota, na angeweza kabisa kuishi kwa kuwapigia wakubwa hotelini. Yeye piano yake aliipeleka sokoni na mialoni. Alimweleza mkuu wetu kwamba wanawake wa Masese wanapigwa majumbani na hawaendi kushtaki, kwa sababu kwao Kiswahili ni lugha ya askari, wakikisikia tu wanadhani wamefuatwa kukamatwa. Aliomba wapigaji watatu wafuatane naye, wakakae na wale watu benchi moja. Mkuu akanitaja mimi na wenzangu wawili.

Mazoezi tuliyafanyia katika ukumbi wa shule moja ya Mpumudde. Nilipuliza kwa nguvu zote ili ajue bendi yetu si mchezo. Akaondoa vidole kwenye piano, akanitazama bila hasira.

"Afande, hapa hatushindani," aliniambia. "Nisikilize kwanza, halafu upulize."

Nilikasirika, mwanangu. Raia, tena mwanamke, anifundishe mimi! Lakini nilikuwa nimetumwa, nikashusha tarumbeta nikamsikiliza.

Siku yenyewe lori lilishusha piano karibu na chanja za kukaushia samaki. Watu walisimama mbali wakitukodolea macho. Madamu akaanza taratibu, wimbo usio na maneno. Sijui nikueleze vipi mikono ya yule mama. Wauza samaki waliweka visu chini, wakasogea hatua kwa hatua, mpaka wengine wakakaa karibu nasi. Mimi mwenyewe zamu yangu ilifika nikasahau kupuliza.

Alipomaliza, aliwaomba waseme lolote walilo nalo juu yetu askari. Kisha akasimama muuza samaki mmoja, Mama Naigaga, akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye aliyevunja chanja yangu siku polisi walipokuja kuondoa vibanda," alisema. "Nilimwomba muda nitoe samaki wangu, akaipiga teke."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyenituma kupiga teke. Nilifanya ili wenzangu wacheke. Nilimtazama Madamu Khainza nikitumaini ataanza wimbo mwingine aniokoe. Hakugusa piano. Alikaa akinisubiri kama wengine wote.

"Ni mimi, mama," nikasema mwishowe. "Nilikukosea. Kesho nitakuja kuijenga."

Nilikwenda bila gwanda, na miti na misumari, nikajenga kutwa nzima. Mama Naigaga hakunisemesha hadi jioni, aliponiletea kikombe cha chai. Wiki chache baadaye alifika kituoni amemshika mkono jirani yake aliyevimba uso kwa kipigo cha mumewe, akaniulizia kwa jina. Huyo jirani alikuwa wa kwanza kuja kushtaki. Wengine wakafuata, na waume wao wakajua kwamba sasa kuna mahali pa kushtakiwa.

Madamu Khainza amezeeka. Vidole vinamsumbua, lakini kila nikienda Mbale namkuta akifundisha mabinti wa majirani, na bado ananiuliza habari za akina mama wa Masese, mmoja mmoja kwa jina. Sijawahi kumsikia akijisifu. Ndiyo maana namsifu mimi.

Basi mwanangu, ukijaliwa ujuzi, usiuweke kwa ajili ya wanaokupigia makofi tu. Upeleke kwa watu walioumizwa, ukae nao, uwape nafasi ya kusema. Na kosa lako likitajwa hadharani, usitafute mlango wa kutokea. Likubali kwa mdomo wako, kisha nenda ukalitengeneze kwa mikono yako, hata kama hakuna atakayekushukuru.

Mungu akubariki, akupe afya na kazi yenye faida kwa watu, na akukutanishe na mtu wa namna ya Madamu Khainza ungali kijana.