Nusu ya Kichwa

Msusi wa saluni ya kona ana mdomo, lakini jambo la aibu hulisema akiwa nyuma yako, vidole vikiendelea kusuka. “Shoga, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi umeenda?”

“Nikamvulie nani nguo mie?” jirani yake aliyekuwa akisukwa alimjibu.

Msusi akamfunga kitambaa kichwa kikiwa nusu, akafunga na saluni, wakaenda zahanati wameshikana mikono. Kitandani, mbele ya muuguzi, jirani alibana magoti. Msusi akavuta kiti, akafungua kitambaa, akaendelea kusuka pale alipoishia, taratibu, huku akimsimulia jinsi mume wake yeye msusi anavyokoroma. Jirani akacheka, magoti yakalegea yenyewe.

“Tayari, dada, tumemaliza,” muuguzi akasema.

“Tulia hapo hapo,” msusi akamwambia jirani. “Mimi bado.”