Siagi Iliyoyeyuka Ufukweni

Nyirasafari wa Bugeshi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza. Kule juu, chini ya volkano, ambako blanketi halivuliwi hata mchana, watu walishamzoea. Padri alipopita na pikipiki yake, Nyirasafari alitaka kujua inalala wapi na inakula nini. Hakuwa mmbeya, hilo niliseme mapema, maana majirani walimsingizia sana. Mmbeya hutafuta habari ili azitembeze. Huyu alizitafuta ili apate usingizi.

Swali moja tu ndilo hakuthubutu kumuuliza mtu. Binti yake Mukagasana alikuwa ameolewa Gisenyi, mtaa wa Waswahili, na fundi cherehani aitwaye Kadiri. Binti alisilimu, akaitwa Saidati, na tangu harusi hakupanda tena mlimani. Kila Nyirasafari alipopalilia viazi vyake, swali lilikuwa pale pale shambani: yule bado ni mwanangu, au nimewazalia wengine?

Basi kiangazi kikiwa kimekolea, habari zikafika kwamba Saidati amejifungua mtoto wa kike. Nyirasafari akatoa kibuyu cha siagi ya ng'ombe aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya siku hiyo, maana kwao mzazi hupakwa siagi mwili mzima, akalazwa atulie. Akatoa na ngozi ya kondoo ya kumbebea mtoto mgongoni, kama mama anavyompelekea bintiye akipata mtoto wa kwanza. Ngozi ilikuwa bado ngumu; alikusudia kuilainisha kwa siagi akishafika.

"Unajisumbua bure," jirani yake Mukandutiye akamwambia. "Kule mujini banabeba batoto na kitambaa. Ile ngozi itamunukia."

Maneno hayo yalimchoma, lakini alipanga kila kitu kapuni pamoja na viazi vya zawadi, akajitwika, akashuka.

Jinsi alivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Alipofika Gisenyi, blanketi lilikuwa begani, jasho mgongoni, na macho yamemtoka. Mji ulikuwa umefurika Wazungu. Walikuwa wametoka Bukavu, wametoka Kongo ya mbali, wamekuja kupumzika ziwani, na magari yao yalijaa barabara nzima hata mpita njia hana pa kukanyaga. Wanaume wazima walitembea na kaptura fupi, miguu nje. Nyirasafari alijua kwamba mtaa wa Waswahili uko upande wa juu. Miguu yake ikampeleka upande wa ziwa.

Alisimama kwenye mstari wa miti, akatua kapu juani, akatazama. Mchangani walikuwa wamelala Wazungu wengi ajabu, nusu uchi, na mbele kabisa mwanamke mmoja alikuwa kifudifudi huku mwenzake akimpaka mafuta mgongoni. Moyo wa Nyirasafari ukalainika. Kumbe nao wanajua kumtunza mzazi!

"We bibi mukecuru, usivuke hiyo miti," akasema kijana mmoja aliyekuwa akifagia majani. Jina lake Faradji, mfanyakazi wa hoteli. "Hapa iko ya bazungu. Batanifukuza kazi."

"Sivuke, mwana wangu. Ni macho tu inavuka. Ule mama amezaa lini?"

"Nani?"

"Ule anapakwa mafuta."

Faradji akacheka mpaka akaegemea ufagio. "Hajazaa, mukecuru! Anaota jua."

"Na mafuta ni ya nini?"

"Jua isimuchome."

Nyirasafari akalipima jibu hilo. "Anakuja kwa jua, halafu anajipaka mafuta jua isimufikie?"

"Bon... ni vile," akasema Faradji, na uso wake ukaonyesha kwamba miaka yote aliyofagia pale hakuwahi kuwaza hivyo.

"Na ule mwanaume, naye anapakwa? Na bale, banakula inje mbele ya batu bote, habasikie haya?"

Maswali yalizaa maswali. Kijana alijibu alichokijua, akabuni alichokosa, na jua halikumngoja yeyote. Nyirasafari alipokumbuka safari yake, kivuli cha mti kilikuwa kimehama kabisa.

Akajitwika kapu, akapanda kuelekea mtaani. Jasho likamtiririka usoni, akajilaumu kwa kutojua joto la mji. Kisha tone likafika mdomoni. Halikuwa na chumvi.

Akatua kapu kwa pupa. Kibuyu kilikuwa kimelala ubavu, kizibo cha majani kimechomoka, na siagi yote imeyeyuka. Viazi vinang'aa, ngozi imelowa chepechepe, kibuyu kitupu. Nyirasafari akakaa kando ya njia, akalia. Alijiona mjinga, mama aliyepoteza siagi ya mwanawe kwa kutazama migongo ya watu. Alitaka kurudi Bugeshi. Lakini lile swali lilikuwa limeshamfikisha karibu mno.

Kadiri alimpokea mlangoni kwa adabu, macho chini, kisha akahamishia cherehani uani ili asikae chumba kimoja na mama mkwe. Saidati alikuwa kitandani, amejifunga kanga mpya, ananukia sabuni ya dukani. Harufu hiyo ilimtisha Nyirasafari kuliko kitu kingine chochote alichokiona siku ile.

"Mama, umelowa nini?"

"Nimemwaga siagi yako, mwanangu. Nilikuwa naangalia bazungu."

Saidati akavuta ngozi kutoka kapuni, nzito, inadondosha mafuta. Akaileta usoni. Nyirasafari akangoja pua ikunjwe.

Haikukunjwa. Saidati aliuzika uso mle, akalia. "Nilisema hautaileta," akasema. "Nilisema mama amenitupa sababu niligeuza dini. Niliogopa kupanda."

Akajisugua ngozi mikononi, shingoni, kifuani, kisha akampaka mtoto kwenye paji la uso. Siagi ilikuwa imekwisha kuifanya kazi ya kulainisha. Ngozi ilikunjika kama nguo.

"Unifungie, mama. Mi sijui kufunga ngozi."

Nyirasafari akamweka mjukuu mgongoni mwa mama yake, akafunga. Mikono ikateleza kwa mafuta, akafungua, akafunga tena. Hakuuliza swali hata moja, jambo ambalo Bugeshi wasingeliamini.

Saidati akageuza kichwa, macho bado mekundu. "Mama, uniambie kwanza. Mi niko hapa mwaka muzima, Kadiri anabashonea bazungu kaptura, na hakuna mutu ananijibu. Kama banapenda jua, mbona banajipaka mafuta isibafikie?"

Nyirasafari akacheka mpaka akakaa sakafuni, akamshika binti yake mguu, na hakuuachia.