Sehemu ya Saa Niliyoing'oa

Baba yangu alikuwa makanika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na sisi watoto wake tulikua tukiamini kwamba hakuna kitu kilichoundwa na binadamu ambacho binadamu mwingine hawezi kukifungua. Kaka zangu walirithi spana. Mimi, binti yake, nilirithi kiburi. Chuo kikuu kilipofungwa kwa mgomo, mjomba akanipa kazi ya kusimamia duka lake la intaneti katikati ya mji. Lilikuwa na mashine nne kuukuu na laini moja ya simu, nami nikawa najiita fundi mbele ya kila aliyekuwa na subira ya kunisikiliza.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Vilimani walikuwa na risasi zao, sisi bondeni tulikuwa na foleni zetu, na jioni kila mtu alikimbia kufika kwake kabla ya kuvrefe, ile saa ya amri ya kutotoka nje. Binadamu huzoea. Sijivunii hilo, nasema tu lilivyokuwa.

Chumba cha uani nyumbani kwetu kilikuwa kimepangwa na mama mmoja wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, muuza vitenge. Alikuwa amekuja Bujumbura peke yake. Binti yake wa pekee alikataa kumfuata, kwa kuwa alikuwa amepata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja kule na hakutaka kuiacha kwa sababu ya uvumi wa vita. Waliagana mlangoni kwa maneno makali. Mama huyo alitusimulia ugomvi ule mara nyingi, na kila mara maneno yake mwenyewe yalizidi kuwa mabaya na ya mtoto yalizidi kupungua. Kumpigia simu hakukuwezekana, laini za kule zilikuwa zimekufa. Ila ofisi ya binti ilikuwa na intaneti ya setilaiti, na siku moja msafiri alileta kikaratasi chenye jina la programu ya kuchati na jina analotumia binti humo. Binti aliagiza mama atafute mahali wanapoitumia, waandikiane.

"Binti yangu," mama akaniambia akinyoosha kile kikaratasi, "hii kitu we unaiweza?"

Nikamjibu naiweza. Sikuwa hata nimewahi kuiona.

Programu ile ilisifiwa kwamba inaendeshwa kwenye mashine za mfumo wowote. Kweli, lakini kwa mfumo wa bure wa zamani tuliokuwa nao hapakuwa na iliyokwishatengenezwa. Ilibidi niijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yaani yale maandishi ya watengenezaji ambayo mashine huyasoma mstari kwa mstari na kuyageuza kuwa programu. Mwanafunzi mwenzangu wa mtaa wa Mutanga Sud alinipatia msimbo huo kwenye sidii, aliyoinakili kwa mzungu mmoja wa Kinindo.

Nikatoa amri ya kujenga. Mashine ikanijibu kwa Kiingereza kwamba inakosa maktaba ya kuchora madirisha, yaani msimbo wa wengine ambao programu huuazima. Nikaitafuta maktaba hiyo kwa laini yetu ya simu, iliyokatika kila baada ya dakika kumi, nikaipata siku ya tatu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: maktaba yenyewe ilidai maktaba nyingine, na hiyo nyingine ikadai toleo jipya la kitu ambacho nilidhani ninacho. Kujenga kila kimoja kulichukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Nilikuwa nakaa mbele ya kioo cha mashine nikitazama mistari inapanda, mikono mapajani, kwa sababu hakuna cha kusaidia. Huwezi kuisukuma. Wakati mwingine nilikuwa naiombea dua, na sioni aibu kusema.

Mama alipita kila adhuhuri na furushi lake la vitenge. "Bado?" "Bado, mama." Hakuwahi kuninung'unikia, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Wiki ya nne kikabaki kikwazo kimoja tu. Kulikuwa na sehemu ndogo ya programu, mistari kama thelathini hivi, kazi yake kusoma saa na tarehe iliyopigwa kwenye ujumbe. Mashine yetu ilikataa kata kata kuijenga. Nilijaribu kila nililolijua, kisha nililobahatisha. Usoni nilikuwa nimeshavimba kwa hasira wakati baba aliponiuliza kwenye chakula cha jioni kulikoni.

"Kuna piyesi moja inakataa," nikamwambia.

"Inafanya kazi gani?"

"Inasoma saa, baba. Inaonyesha ujumbe uliandikwa saa ngapi."

"Motere ya gari inahitaji saa ili itembee?" akauliza. "Ing'oe."

Gari likichemka, mafundi wa kwetu hung'oa termostati, kile kidude cha kupima joto la injini, wakaitupa ndani ya kopo, na gari likaendelea kubeba mihogo kutoka Ruziba. Nimekua nikiona hivyo. Kesho yake nikafuta ile mistari thelathini, nikaacha sehemu tupu ambayo ikiulizwa saa inajibu haijui. Nikatoa amri tena. Baada ya saa mbili programu ikafunguka, na mimi nikacheka peke yangu dukani mpaka wateja wakageuka.

Adhuhuri hiyo mama aliketi kwa ubavu kwenye ncha ya kiti. Maneno yakatokea: "Mama, ni we?"

"Mwambie ni mi," akasema, akashika kioo kwa kidole. "Mwambie mbio, asiende."

Kwa majuma mawili waliandikiana kila adhuhuri, mimi nikiwa mikono ya mama. Waliongea bei ya sabuni, majirani, jino la binti lililokuwa likiuma. Ugomvi wa mlangoni hawakuugusa. Nadhani kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze.

Kisha mapigano yakafika Bukavu, na upande wa pili ukanyamaza.

Mama aliendelea kuja. Nikampa moyo kwa elimu yangu: nikamweleza kwamba binti akiandika wakati programu yetu imefungwa, ujumbe hauendi popote, mtambo wa katikati unautunza, na tukiifungua adhuhuri tunapewa. "Hakuna kinachopotea, mama," nikasema. Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu. Basi tukawa tunafungua, hakuna kitu, na mama anainamisha kichwa na kwenda zake sokoni. Yakapita majuma sita.

Siku moja diski ilijaa. Nilipokuwa nikitafuta cha kufuta, nikakuta faili kubwa ajabu. Wakati wa kujenga nilikuwa nimewasha daftari linaloandika kila kinachopita kati ya mashine yetu na mtambo, nikasahau kulizima. Nikalifungua kabla ya kulifuta. Ndani nikaona jina la binti.

Aliandika mara tatu. Ujumbe unaofika papo hapo haupigwi saa, ndiyo maana majuma yale mawili mambo yalikwenda vizuri. Uliotunzwa na mtambo ndio hupigwa saa. Programu iliuliza ile sehemu niliyoing'oa, ikajibiwa haijui, ikaamua ujumbe ni mbovu na kuutupa. Lakini kabla ya kuutupa, kwa adabu zake, ilikuwa imeshamwarifu binti kwamba umepokelewa.

Mama alipokuja nilimsomea jumbe zote tatu. Sikujua kufanya vingine.

"Mama, niko Uvira kwa mama mudogo. Ofisi ilifungwa. Huku kwa intaneti wananiachiaka ordinateri asubui tu. Nikuje kwako ao nibaki? Unijibu."

"Mama, inaonyesha umepata. Nangoja."

"Umepata zote. Basi nimeelewa, ungali na kasirani. Kesho naenda Kalemie na wengine. Sitakusumbua tena."

Uvira, ambayo milima yake tunaiona kila asubuhi ng'ambo ya ziwa. Wateja wa mama walitoka huko asubuhi na kurudi alasiri. Nilianza kumweleza habari za mtambo, na saa, na ile mistari, nikilia, nikiongea kama mtu anayejitetea barazani. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Kwa hiyo yeye anajua mi nilisoma," akasema.

Aliondoka hapo hapo, akavuka mpaka siku ile ile. Dada yake kule Uvira alimwambia binti alipanda boti ya kwenda Kalemie, mbali kusini mwa ziwa, majuma matatu nyuma, na tangu hapo hawakusikia neno. Mimi nilibaki dukani. Ile sehemu ya saa niliirekebisha kwa alasiri moja, nilipoketi na kuisoma kwa utulivu. Kosa lilikuwa la mstari mmoja. Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini hakuna aliyenilazimisha kuyamwaga, na hilo nalikumbuka kila mtu anaponiita fundi.

Mama alirudi baada ya siku mbili. Akaketi kwenye kiti kile kile, akatazama jina la binti yake.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, mama?"

"Andika: mi sikusoma."

Nikaandika. Pembeni ya maneno hayo programu ikaweka alama kwamba ujumbe haujapokelewa, na siku mjomba alipouza mashine zake, alama ilikuwa bado ile ile.