Baba alizikwa kwa jina lisilo lake

Mhariri, asante kwa kukubali kuficha jina langu na la shule yangu. Nina miaka kumi na sita, ni msichana, mtoto wa kwanza kwetu mtaa wa Kanyosha, ng'ambo ya ziwa ukitoka Kigoma. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali nalijua jibu, lakini sauti hainitoki. Ndiyo maana naandika. Mama hajui kusoma, kwa hiyo hataukuta ukurasa huu, na hilo linaniuma pia.

Baba alikuwa convoyeur, yaani msindikizaji wa mizigo. Kwa sababu ya vita na barabara kuviziwa, chumvi na saruji za tajiri wake zilipita Tanzania kwa treni hadi Kigoma, kisha zikavuka ziwa mpaka bandari yetu. Baba alisafiri juu ya magunia, chini ya turubai, ili yasiibwe njiani. Kila aliporudi aliniletea magazeti yaliyofungiwa sabuni na dagaa. Kiswahili hiki ninachoandika nilikisoma humo, mengine yakiwa na harufu ya samaki.

Miaka miwili iliyopita treni mbili za mizigo ziligongana huko Tanzania. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Tajiri alituma mtu kutuambia kwamba wote waliokuwa kwenye behewa la Baba wamekufa, isipokuwa rafiki yake wa mtaa wa Buyenzi, nitakayemwita Mzee Rajabu. Alirudi na mguu uliovunjika. Mama alipomuuliza, alitazama chini, akasema, "Kulikuwa moshi mingi, mama. Sikumuona."

Kwa neno hilo Mama akakataa kwamba Baba amekufa. Msimcheke. Vita hii imewarudisha wengi tuliowalilia. Jirani yetu tulimaliza matanga yake, kisha akatokea kutoka kambi za Tanzania amebeba sufuria kichwani, akauliza nani amekula kuku wake.

Tangu hapo, meli ya Kigoma ikiingia, Mama huenda bandarini na thermos ya chai na shati la Baba lililopigwa pasi. Wapakuaji wamemzoea. Siku moja nikiwa naye, mmoja alimpigia kelele, "Mama Thermos! We bado? Bwana yako ameoa Kigoma!"

Wenzake wakacheka. Mama naye akacheka. "Kama ameoa," akajibu, "basi anakula."

Sasa baba mdogo ameamua kwamba baada ya Pasaka tufanye kuganduka, sherehe yetu ya kuondoa matanga. Bila hiyo msiba haujaisha, na nyumba yenye msiba haiozeshi wala haioi. Yeye ana mchumba anayemngoja.

"Shemeji, miaka miwili!" alimwambia Mama. "Hata mavazi ya msiba yamechakaa."

"Mutu sijamuzika, matanga yake nitaondoa namna gani?"

Katika sherehe hiyo mtu wa nyumbani husimama mbele ya wageni, akaeleza marehemu alikufaje na amelazwa wapi, akawashukuru waliomzika. Baba mdogo alisema nitasimama mimi, kwa kuwa nimesoma. Kisha akanituma Buyenzi kumwalika Mzee Rajabu.

Nilimkuta mlangoni kwake, mguu mbovu ameunyosha juu ya kigoda. "Karibu, profesa!" akatania, kama Baba alivyokuwa akiniita. Nilipomweleza kilichonileta, utani ulimwisha. Akaanza kulia. Sijawahi kuona mzee akilia vile.

"Nilimuona," akasema. "Alifia mikononi mwangu, binti yangu. Wale hawana ndugu walikuwa wanatiwa shimo moja. Mi nikasema huyu ni ndugu yangu, anaitwa Ramadhani. Wazee wa musikiti ya pale wakamuosha, wakamuvalisha sanda, tukamuswalia. Alizikwa vizuri, walai. Lakini alizikwa Muislamu."

Nikauliza kwa nini hakutuambia.

"Mama yako anaimba kwaya, Baba yako alikuwa anabeba musalaba Ijumaa Kuu. Ningemuambia nini? Kwamba jina lake nilimunyanganya na yeye amekufa? Nilizani atachoka kungoja." Alijifuta uso kwa kofia yake. "Ukitaka niseme mbele ya watu, nitasema. Ukisema apana, nitakufa nayo."

Nilirudi Kanyosha kwa miguu, nikilia njia nzima. Siku ile ndipo nilipojua kwamba mimi pia nilikuwa nikimngoja. Sikuwahi kumwambia mtu. Na sina wa kulia naye, maana wa kulia naye ni Mama.

Simkasirikii Mzee Rajabu. Nafikiri hakuna aliyemtendea Baba wema kuliko yeye. Lakini je, Mama ataona hivyo? Au atamwona Baba amelala peke yake ugenini, bila msalaba, akiombewa kwa jina la mtu ambaye hajawahi kuishi?

Ningeweza kunyamaza, niseme tu kwamba alifia njiani. Lakini juzi, tukichambua maharage, Mama aliniambia bila kuniangalia, "Hao wengine wanataka pombe ya sherehe. We hujawahi kunidanganya. We ukisema Baba yako alikufa, nitakaa kwenye kiti cha mujane, nitamaliza. Ukisema bado, nitaendelea kwenda."

Nikamwambia nasikia maji yanachemka, nikatoka.

Wasomaji, ninyi mnaojua maisha kunishinda, niambieni. Nimpe Mama kaburi lenye jina la Ramadhani, au nimwachie bwana aliyeoa Kigoma, ambaye angalau anakula? Nijibuni kabla ya Pasaka. Meli imeingia asubuhi hii, na shati la Baba halipo kwenye kamba.